Mwaka Niliopulizia Bahari Dawa

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka hapa duniani ni ya dawa ya ukungu. Najua wengine wakikumbuka utoto wao hunusa maandazi ya bibi, au udongo baada ya mvua, na mimi nawaonea wivu, lakini siwezi kudanganya. Nyumba yetu ilinuka dawa ya ukungu. Ni harufu iliyo kati ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi na yai lililosahaulika uvunguni, na ilikaa kila mahali: kwenye koti la Baba, kwenye mapazia, na nina uhakika hata kwenye chumvi. Bomba la kupulizia lilitundikwa ukutani sebuleni, jirani na picha ya harusi ya wazazi wangu, na kwa jinsi lilivyofutwa vumbi kila Ijumaa, mgeni angeweza kudhani nalo lilifunga ndoa siku ile.

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na ninafahamu kwamba mtu wa umri wangu kuandika kumbukumbu za utotoni ni sawa na kifaranga kuandika kumbukumbu za yai. Lakini yai langu lilikuwa na mambo. Tena nikisubiri nizeeke ndipo niandike, nitaanza kujipamba, nitasema nilikuwa mtoto mtulivu na mwenye busara, na pale kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Gare, bado wako mashahidi wengi wa kunikana.

Baba yangu alikuwa mkulima wa nyanya na kabichi, na bado ni mkulima, lakini sifa yake bondeni ilikuwa udaktari. Watu walimletea majani kama wanavyopeleka watoto zahanati. Alilipokea jani kwa mikono miwili, akaligeuza, akalielekeza juani, akalinusa, kisha akatoa hukumu, na mara tisa kati ya kumi hukumu ilikuwa ukungu. Mama alisema hata angeletewa kiatu kilichotoboka, Baba angesema ni ukungu. Akimaliza kupulizia alishuka kijitoni kusuuza bomba. Maji yaligeuka meupe kama maziwa mbele ya macho yetu, na baada ya muda mfupi yakawa maangavu tena, na sisi watoto tulishangilia kijito kana kwamba kimefanya kiini macho. Chupa tupu za dawa zilitupwa kwenye mtaro wa chini ya shamba. Mvua ikinyesha, kesho yake mtaro unakuwa mtupu. Hakuna aliyeuliza chupa zimekwenda wapi. Nani anayemhoji mtaro msafi?

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, mvua za vuli zilichelewa mpaka watu wakaanza kuzisema vibaya, halafu zikaja zote kwa pamoja, kama wageni wa harusi waliokosa gari la kwanza. Wazee walilalamika kwamba mvua za enzi zao zilikuwa na adabu, zilibisha hodi kwanza. Hizi hazikubisha. Asubuhi moja tulikuta ngazi mbili za juu za shamba letu hazipo. Nyanya, matuta, hata jiwe ambalo Mama alipenda kukalia akichambua maharage, vyote vilikuwa vimeteremka na kuacha kovu jekundu mlimani. Baba alisimama pale akiangalia udongo wake ukiondoka na maji, mikono kiunoni, kama mtu anayeangalia ng'ombe wake akiswagwa na mtu mwingine. Nyanya zilizobaki zikashikwa ukungu, safari hii wa kweli. Baba alipulizia asubuhi, mvua ikaosha mchana, akapulizia tena jioni. Kijito kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kutoka asubuhi hadi jioni, na hakikufanya tena kiini macho.

Ndipo Shangazi Hidaya alipopiga simu. Huyu ni mdogo wake Baba, ambaye aliolewa pwani, kijiji kimoja upande wa kaskazini wa mdomo wa Mto Pangani, akafiwa na mume, akabaki huko huko na binti yake, Tunu. Analima mwani. Kwetu sisi wa milimani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha peke yake, mtu kulima baharini, lakini Shangazi alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili kwa mwani huo, kwa hiyo tulicheka kwa heshima. Siku hiyo simu iliwekwa sauti kubwa juu ya meza na wote tukamsikia. Alisema mwani wake unaumwa. Ncha zinakuwa nyeupe, kisha zinalainika, kisha zinakatika na kwenda na maji. Baba alifumba macho kama anavyofanya akifikiri kwa niaba ya wengine.

"Mweupe wa unga, au mweupe wa kupauka?" akauliza.

Shangazi akasema wa kupauka.

"Ukungu huo. Maji yamezidi."

Nadhani Shangazi alikuwa anaitazama bahari. Baba hakumsubiri amalize kuitazama. Alisema usijali, dada, nitakutumia dawa. Mama, aliyekuwa anamenya viazi, aliuliza bila kuinua kichwa dawa itashikaje kwenye kitu kinacholala ndani ya maji. Baba akamjibu kwamba tutaongeza gundi. Ni kweli kuna gundi ya kuchanganya na dawa ili mvua isiioshe upesi, lakini sidhani aliyeitengeneza aliwahi kufikiria Bahari ya Hindi.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nikateuliwa mimi. Nilipewa pakiti mbili za unga wa dawa ya ukungu, chupa ya gundi, bomba dogo la mkono, na masomo ya siku nzima. Pulizia asubuhi kabla jua halijawa kali. Jani lipate juu na chini. Dawa ikiwa haitoshi, anza na mistari mizima, maana ile iliyokwisha kushikwa haisikii tena. Nilivyojiona siku hiyo, hata bwana shamba wa wilaya angenipisha njiani. Nilipanda lori la kabichi lililokuwa linakwenda Tanga, kiti cha mbele, kati ya dereva, ambaye ni rafiki wa Baba, na mke wake, nikiwa nimelipakata bomba kama mtoto mchanga. Kutoka Soni kuteremka, barabara na mto huenda pamoja, na mto siku hiyo ulikuwa mwekundu na umejaa, unakimbia na magogo, mabua na kila kitu ambacho milima ilikuwa haikitaki tena. Nikaanza kushindana nao nione nani atatangulia kufika chini. Kila kona nilipouona uko mbele yetu nilimwomba dereva aongeze mwendo, naye akaniambia kwa upole kwamba mto hauna breki na yeye anazo.

Tanga dereva alinipandisha basi la kwenda pwani kwao, na Tunu akanipokea stendi ya kijijini. Ni mtoto wa shangazi yangu, yaani binamu, yaani mtani, na yeye alichukulia utani kama kazi ya kuajiriwa. Kabla sijashuka vizuri alikuwa amekwisha kulicheka sweta langu, koti langu, na lafudhi yangu. Aliniuliza kama ni kweli huko kwetu watu hulala na soksi, na kama mbuzi nao wanavaa. Nikamwambia mbuzi wa kwetu wanavaa, ila wa kwao hawawezi, kwa sababu wamekaukia jua wakawa ng'onda. Tukapatana hapo hapo. Nyumbani nilimwamkia Shangazi shikamoo, nikamkabidhi salamu, nikamkabidhi dawa. Aliitazama ile pakiti, akanitazama, akalitazama bomba, halafu akakaa chini kabisa sakafuni akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Alisema kaka yake angeachwa angempulizia hata papa. Kisha akavichukua vyote akavisukuma chini ya kitanda, na akaniambia kwa sauti ambayo haikuwa ya kicheko kwamba visitoke pale.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda naye shambani. Maji yalikuwa yamekupwa, na bahari, ambayo nilikuwa nimeambiwa ni kubwa, ilikuwa imeondoka na kutuachia uwanja wa mchanga unaong'aa, na maji ya magotini tu. Wanawake walikuwa wametawanyika humo na kanga zao wamezikunja, kila mmoja na ploti yake. Mambo ya miti, yaani vigingi, yamechomekwa kwa mistari, kamba imefungwa toka mambo hadi mambo, na kwenye kamba umening'inia mwani vishada vishada. Moyo wangu ulitulia palepale. Yalikuwa matuta. Hata bila udongo, matuta ni matuta, na mimi ni mtoto wa matuta. Nikainama nikashika kishada nikakigeuza kama Baba, nikakinusa. Maji yalikuwa ya vuguvugu, ya kuogeshea mtoto. Shangazi alisema zamani saa kama hizi yalikuwa yanapoza miguu, siku hizi miezi ya kaskazi yanaiva. Mwani unachoka na joto, na ukishachoka, kitu chochote kinauangusha. Mwaka huo kilichokuja ni maji ya mto, matamu na yenye tope, yakaulalia wiki nzima. Joto linaudhoofisha, alisema, tope linaumaliza.

Ploti yake ilikuwa na kamba arobaini, na kati ya hizo zilizobaki nzima zilikuwa tatu. Tatu hizo ndizo zilikuwa mbegu. Mwani hauna punje kama mahindi. Unakata matawi mabichi ya uliopo, unayafunga kwenye kamba mpya, yanakua. Ukiisha, umekwisha. Na majirani nao walikuwa hawana hata cha kujitosheleza wenyewe. Shangazi alikuwa anasubiri bamvu linalofuata, wiki mbili mbele, maji yakupwe sana tena, ili akate mbegu kutoka kamba hizo tatu na kuanza upya. Zikifa kabla ya hapo, atafunga nyumba na kurudi Gare kumsaidia Baba kubeba kabichi. Alilisema hili huku anafunga fundo, bila kunitazama. Shangazi yangu aliondoka milimani akiwa na miaka kumi na tisa na kuapa kwamba hatabeba tena mzigo kupanda juu, na mtu yeyote aliyewahi kubeba kabichi kutoka bondeni kwetu ataelewa uzito wa kiapo hicho.

Jioni Tunu alinivuta nyuma ya nyumba. Utani ulikuwa umemwisha. Alisema hataki kuhamia mahali ambapo watu wanaona pumzi zao asubuhi. Akaniuliza, ile dawa ya mjomba, inafanya kazi? Sasa niambieni, wasomaji wangu, ningejibu nini? Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeiona dawa ile ikifufua shamba zima la nyanya. Nilikuwa binti wa daktari. Nikamjibu kwamba tatizo la mama yake ni ubishi tu, na watu wa pwani hawajui kilimo.

Kesho yake, Shangazi alipokuwa na wenzake kwenye vichanja vya kuanikia, sisi tulitambaa chini ya kitanda. Tulichanganya dawa kwenye ndoo, nikamimina gundi, nikaongeza nyingine kwa sababu ya ukubwa wa bahari. Sheria ya kabla ya jua kali ilitushinda, maana maji yalikupwa saa nne na jua likiwa limeshajikunjua. Sheria ya juu na chini niliitimiza kwa kumwamuru Tunu ainue kila kishada. Na sheria ya tatu niliikumbuka vizuri kuliko zote: anza na mistari mizima. Kwa hiyo, kati ya kamba arobaini, nilikwenda moja kwa moja kwenye zile tatu. Nilizipulizia kwa ufundi. Sijawahi, hata leo, kupulizia kitu vizuri namna ile. Nilimaliza kamba ya kwanza, nikafika nusu ya pili, na dawa ikawa inaelea kutuzunguka nyeupe na yenye mafuta mafuta, na visamaki vidogo vilivyokuwa vinatutekenya vifundo vya miguu vikaondoka vyote kwa pamoja. Tunu ndiye aliyeona kwamba vimeondoka. Mimi nilidhani vinatupisha tufanye kazi.

Shangazi hakupiga kelele. Nilimwona akija kutoka ufukweni, si kwa kukimbia, bali kwa mwendo ule wa mtu aliyesikia harufu ya nyumba aliyozaliwa mahali ambapo haikutakiwa kuwepo. Aliuliza nimepulizia zipi. Nikamwonyesha kwa fahari, nikasema nimeanza na nzima, Shangazi, kama inavyotakiwa. Uso wake ulifanya kitu ambacho sitaki kukielezea. Akamwambia Tunu achukue kamba ya tatu, ile ambayo sijaigusa, aende nayo mbali kabisa upande wa mkondo, na asiiguse kwa mkono wenye dawa. Yeye akafungua zile mbili, akazitupa begani, akaingia nazo kwenye maji ya kifuani, yeye ambaye hakujua kuogelea, akawa anazisuuza huko kwa kuzizungusha, anazisuuza, anazisuuza, mpaka maji yakaanza kurudi na wenzake wakamwita atoke. Mimi nilibaki nimesimama na bomba langu. Hakuna kitu kinachomwonyesha mtu ujinga wake kama kushika bomba katikati ya bahari.

Alipotoka alinishika mkono akanipeleka mpaka penye mikoko, karibu na mahali mto unapoingia. Maji pale yalikuwa na mstari kama uliochorwa kwa rula, upande mmoja ya bahari, upande wa pili mekundu. Nikaijua rangi ile. Ilikuwa rangi ya ngazi zetu mbili, ya jiwe la Mama, ya miguu ya Baba jioni. Mizizi ya mikoko ilikuwa imezibwa na tope hilo, na mawe ya matumbawe yaliyokuwa ng'ambo kidogo yamepauka na kuvaa vumbi jekundu. Na kati ya mizizi kulikuwa na chupa. Chupa za maji na soda, ndiyo, lakini pia chupa za dawa, za buluu, zenye picha ya kiwavi aliyelala chali, ambazo nilizijua kama ninavyoijua sahani yangu.

"Dawa ya baba yako haihitaji kuletwa, mwanangu," Shangazi akasema. "Inajua njia."

Nikamuuliza, nikilia sasa, kama zile kamba zitakufa kwa sababu yangu. Alifikiri kwanza, nami nilimpenda kwa kufikiri huko, maana mtu mzima mwingine angenidanganya haraka.

"Zikifa, huwezi kumjua muuaji ni nani, joto, tope au wewe. Wote mlikuwepo."

Kamba ya kwanza ilikufa baada ya siku tano. Ilipauka, ikawa kama uji mzito, ikakatika. Ile ya pili iliondoka nusu, ile nusu hasa iliyopuliziwa, hivyo mahakama yoyote ingenitia hatiani. Kabla ya hapo lakini ilibidi nikaungame, kwa sababu ploti ziko jirani na dawa haijui mipaka. Wanawake wa mwani walikuwa kumi na wawili. Nilitoa shikamoo kumi na mbili, nikapokea marahaba kumi na mbili, nikaanza kueleza. Nilipofika kwenye gundi, mmoja wao, Bi Mize, mama mnene mwenye meno ya dhahabu mawili, aliomba nirudie. Nikarudia. Akauliza niliongeza gundi ili mvua isioshe? Nikasema hapana, ili bahari isioshe. Walicheka mpaka wakalaliana. Walinipa jina hapohapo, Bwana Shamba wa Bahari, na adhabu: kumfungia kila mmoja kamba moja ya mwani, kamba kumi na mbili, na nisizungumze wakati wa kufunga. Kamba nilizifunga zote. Kutozungumza nilishindwa kwenye ya kwanza.

Ikabaki kamba moja na nusu, na bamvu lilikuwa bado siku tisa. Ile nusu Shangazi aliihamishia kule mkondoni, Tunu alikoipeleka ile nzima kwa haraka zake, mahali ambapo maji ni ya kina zaidi na hayapati muda wa kuiva. Hakuna aliyekuwa amewahi kupanda huko, kwa sababu ilibidi uloane hadi shingoni. Kila siku maji yakikupwa tulikwenda sote watatu kuitazama, na Shangazi aliikung'uta tope kwa vidole, tawi baada ya tawi, kama anayemsuka mtoto nywele. Mimi na Tunu tulishikana mikono na kumshika yeye kanga. Siku ya sita hakuna kilichozidi kupauka. Siku ya nane niliona ncha mpya, ndogo kama kucha ya paka, za kahawia na zenye kung'aa. Nilitaka kupiga kelele lakini maji yalikuwa mdomoni. Bamvu lilipofika, Shangazi alikata mbegu. Tulifunga kamba saba. Saba si arobaini, ila hazikuwa kabichi, na Shangazi alirudi ufukweni siku hiyo akiimba wimbo wa harusi wa kwetu kwa Kishambaa kibovu kilichooza kwa chumvi.

Nilirudi nyumbani na kiroba cha chupa. Nilizimwaga mezani mbele ya Baba, zile za buluu zenye kiwavi, nikamsimulia yote, hata sehemu zangu za aibu. Baba alisikiliza akiwa anazigeuza moja moja kama majani ya wagonjwa. Alisema mto ni mrefu na wakulima ni wengi. Alisema, hizi si zangu.

"Sawa, Tate," nikamwambia, neno letu la Kishambaa la baba, "lakini zinafahamiana na zako."

Mama alikimbilia jikoni, kucheka kwa siri. Baba hakunipiga, jambo lililomshangaza kila mtu, nikiwemo mimi. Wiki moja baadaye alionekana anachimba shimo mbali na kijito, juu kabisa, la kusuuzia bomba na kuwekea chupa. Jirani alipomuuliza, alisema ni la mbolea. Aliendelea kusema ni la mbolea kwa miaka miwili.

Hayo ni ya miaka sita iliyopita. Leo ngazi zetu zimepandwa majani ya kushikilia udongo, na majirani kadhaa nao wana mashimo ya mbolea yasiyo na mbolea. Kijito kikijaa bado kinakuwa chekundu, ila si kama siku zile, na kuna wanaosuuza mabomba humo kama zamani, kwa sababu mtaro msafi bado unawafurahisha watu. Vuli nayo haijajifunza adabu. Mwaka jana haikuja kabisa, mwaka huu imekuja mara mbili. Pwani, kati ya wale wanawake kumi na wawili, watano wameacha mwani. Bi Mize anauza chapati. Shangazi yumo bado, na kamba zake, thelathini na kitu, zote ziko mkondoni, kwa sababu pale tulipokuwa tunalima kwa maji ya magotini hapalimiki tena. Ukisimama pale saa nne asubuhi miezi ya kaskazi, unatamani kutia majani ya chai.

Likizo iliyopita nilikwenda tena. Kina cha magotini nilikiacha utotoni. Sasa ni kifuani wakati maji yamekupwa sana, na Shangazi anasema mwakani anataka kusogea mbele zaidi, kwenye maji marefu ambako kamba huelea kwa maboya, kwa hiyo akiwa na miaka hamsini na miwili amejifunza kuogelea, anapiga maji kama bata aliyekasirika lakini anafika. Mimi bado. Milimani tuna mabonde, maporomoko na baridi, hatuna mahali pa mtu kuzama kwa raha. Tunu amekubali kunifundisha. Amenizidi miezi minne tu, lakini kabla ya kila somo lazima nisimame kwenye maji nimwamkie shikamoo, naye anachukua muda wake kuitikia. Namwamkia. Nakunywa chumvi, nakohoa, ninaanza tena, maana shamba la Shangazi linazidi kwenda mbali na ufukwe kila mwaka, na mimi sina mpango wa kuliaga nikiwa mchangani.